Ombi la Kuuita Ugonjwa Urudi Kabla ya Mtihani

Kezironi Thembo,
Fundi cherehani, kibaraza cha pili kutoka lango la soko,
Bwera.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kutambua Wanafunzi Wenye Ulemavu,
Kasese.

Mheshimiwa Mwenyekiti Benon,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu, na mimi si mtu wa kumsimamisha mkubwa. Sisi huku Bwera hatujambo. Jua limeshika, maharage yameanikwa, na binti yangu Loyi, ambaye ndiye sababu ya barua hii, hajambo pia. Hilo la Loyi kuwa hajambo ndilo linaloniandikisha kwa masikitiko.

Najua unaona watoto wengi, kwa hiyo nikukumbushe. Loyi yuko kidato cha nne. Mwaka juzi alitokewa na uvimbe shingoni, tukadhani ni jino, kumbe ni saratani ya tezi. Alitibiwa hospitali ya mbali mpaka nywele zikaisha, nyusi zikafuata, akabaki macho tu. Sasa uvimbe haupo na nywele zimerudi, tena nzito kuliko za kwanza. Daktari alituambia ugonjwa umelala. Nilimwomba aseme umekufa, akakataa. Akasema tungoje miaka kadhaa kwanza ndipo atumie neno hilo. Lakini zile dawa zilizoulaza ugonjwa zilipita kwenye vidole zikaacha ganzi. Loyi akiandika ukurasa mmoja, kalamu inaanza kumtoroka, na inabidi aubane mkono kwapani mpaka uamke. Ndiyo maana tulikuja Kasese kuomba aongezewe muda katika mtihani wa mwisho wa mwaka. Akiufanya kwa saa za wenzake atabaki na nusu ya majibu kichwani, na msimamizi hukusanya karatasi, hakusanyi vichwa.

Kamati ilimtazama, ikasema hana ulemavu. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulituaga kwa upole ukasema: "Mzee, huyu ni mzima kabisa. Mlete siku atakayougua."

Sasa naomba nieleweke vizuri. Siandiki kupinga uamuzi huo. Mimi ni raia mtiifu, hata cherehani yangu naifunika saa ya sala. Naandika kuomba msaada wa kuutii. Katika kujaribu kuutii nimekutana na matatizo yafuatayo.

1. Kuhusu namna tulivyokuja.

Nakiri tulikuja vibaya, yaani tulikuja vizuri. Kwetu mtoto hapelekwi mbele ya wakubwa akiwa hovyo. Watu watasema mama yake amekufa. Mke wangu Sylivia alimwogesha binti wa kidato cha nne kama anayeenda kubatizwa, akampaka mafuta mpaka nzi wakawa wanateleza. Jirani yetu Mama Esperance, Mkongo wa Butembo anayeuza vitenge pale Mpondwe, alimpa viatu vyake vya misa. Nami nilishughulikia sare. Ilikuwa imemlegea tangu matibabu, ikawa inaning'inia kama iko kwenye msumari. Niliipunguza mabegani, nikabana kiuno, nikainua kola ifiche kovu la shingoni. Nisijisifu, lakini ilikaa.

Ndipo mjumbe wako mmoja akasema, mbele yangu: "Mtoto amenyooka hivi, ana shida gani?" Mheshimiwa, mtoto hakuwa amenyooka. Nguo ndiyo ilikuwa imenyooka. Siku ile Kamati ilikagua mshono wangu, ikaupasisha. Nashukuru sana, ila sikuwa nimeuleta mshono ukaguliwe.

Wenzetu kwenye foleni walikuwa wamejiandaa kwa elimu zaidi. Nyuma yetu alikuwepo kijana aliyefunga jicho moja kwa kitambaa. Alipokaribia mlango kitambaa kikaanguka, akakifunga upesi, na alipoingia ndani akawa amesahau ni jicho lipi. Mjumbe alipomwuliza, akaonyesha hili, kisha lile. Nasikia amepewa muda wa nyongeza kwa yote mawili. Simwonei wivu, ana bidii. Nauliza tu kama Kamati inaweza kututangazia mapema aina ya uchafu inaoukubali, ili Sylivia ajue aache kumwogesha tangu siku gani.

2. Kuhusu mbuzi.

Hili ni zito, na naomba ulisome bila kutafuna kitu.

Loyi aliporudi kutoka hospitali tulifanya shukrani nyumbani, kama ilivyo desturi. Tulichinja mbuzi, mchungaji akasali, tukaimba, kila mtu akasema wasingya, yaani asante, kwa Mungu kwa lugha yetu ili asikie bila mkalimani. Wewe, Mheshimiwa, ulikuwa mgeni rasmi. Ulipewa kiti chenye mto na paja la nyuma. Ulisimama ukatoa neno, neno zuri, ukasema nyumba hii imeona muujiza.

Kumbe ulikuwa unaweka ushahidi. Maana tulipofika Kasese na barua ya daktari, uliirudisha mezani bila kuimaliza, ukaniambia: "Kezironi, mimi nilikuwepo. Nilikula. Mungu mlimwambia amepona, sisi mnatuambia anaumwa. Kati yetu wawili, nani mnamdanganya?"

Wajumbe walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ukicheka na mkubwa unaokoa nauli ya kurudi. Lakini Sylivia hakucheka. Tulipofika Ibanda... hapana, mwandishi wangu, maana mimi nasema naye anaandika, ananirekebisha, Ibanda haiko njia hiyo, huko ndiko wanakopita wazungu wa kupanda mlima, ni Muhokya. Tulipofika Muhokya ndipo mke wangu akasema: "Mtu akivuka mto salama anashuka anapiga magoti. Haimaanishi mto umekauka."

Mimi nimelitafakari swali lako kwa njia nyingine. Kama shukrani ndiyo inayomzuia mtoto, basi iondolewe. Nilimwendea mchungaji nikamwomba atufanyie ibada ya kurudisha shukrani: tukusanyike watu wale wale, tumwambie Mungu kwamba yale ya mwaka jana tuliyasema kwa haraka. Mchungaji akasema kitabu chake hakina sala hiyo, na kwamba angekuwa mimi angenyamaza kabla ya radi. Kwa hiyo njia hiyo imefungwa, labda Kamati imwandikie yeye.

Limebaki paja. Sitaki kusema lirudishwe. Nasema tu kwamba limetumika kama kielelezo, na kielelezo hakiliwi na hakimu.

3. Kuhusu kanuni ya Kamati na madhara yake hapa Bwera.

Nimeielewa kanuni hivi: kitu ambacho leo hakionekani, hakipo. Ni kanuni nzuri, tena inapunguza kazi. Niliamua kuishi kwayo ili nijifunze.

Nilianza na mlinzi wa usiku wa safu yetu ya vibanda. Nilimwambia asije tena, kwa kuwa nilikuwa nimetazama huku na huku, sikuona mwizi. Wenye vibanda nusura wanishone mimi. Nikamwambia Mama Esperance aache kubeba mwavuli, kwa kuwa mawingu hayapo. Akaniambia: "Papa Loyi, mimi nilishakimbia vita Beni siku jua ilikuwa naangaza muzuri sana. Acha mwavuli yangu."

Nikaingiza kanuni kwenye kazi. Wewe ni mzazi, unajua kwamba sare ya mtoto huachiwa kitambaa ndani ya pindo, vidole vitatu au vinne, ili akirefuka mama aifumue aishushe. Nikaacha kuweka. Mteja wa kwanza akaligeuza pindo, akakuta hakuna kitu, akaniuliza kitambaa chake nimekula na nini. Nikamweleza kwamba mtoto nimempima, leo hajarefuka. Alichosema mwandishi wangu amekataa kukiandika. Sasa wateja wanavuka barabara kwa fundi mwingine, mtu ambaye hata tundu la kifungo linamshinda.

Nimejaribu pia kuona kama serikali nayo inaifuata kanuni, nikakuta wengi hawajapelekewa taarifa. Pale Kasese mjini, mto Nyamwamba wiki hii ni kijito cha kufulia soksi. Watoto wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mto umelala. Lakini nenda kachimbe msingi wa nyumba ukingoni uone kama hutafukuzwa, eti mto huu tunaujua ukifurika. Kule Muhokya watu wanakesha na madebe wakilinda mihogo dhidi ya tembo, na ukiwauliza tembo yuko wapi wanakuonyesha giza.

Na Mpondwe ndiyo kabisa. Pale mpakani mtu anakuja na afya zake, amebeba kuku, anasimamishwa ananawishwa mikono, anapimwa joto la paji la uso kama chungu cha uji, kwa sababu ya homa ambayo hana, wala jirani yake hana, ila iliwahi kuwepo mahali. Mimi nimepimwa mara nyingi kuliko nilivyopimwa suruali. Kwa hiyo hali katika wilaya yetu ni hii: mpakani mzima anatendewa kama mgonjwa mpaka ithibitike ni mzima, na kwako mgonjwa anatendewa kama mzima mpaka aanguke. Napendekeza kwa heshima mbadilishane vituo, japo kwa siku ya soko moja tu. Nyinyi mkae Mpondwe mpitishe malori yote bila kuyagusa, na wale vijana wa kipimajoto waje Kasese wamshike Loyi mkono, wamwambie aandike.

Hilo la mwisho, Mheshimiwa, halikufanyika. Hakuna aliyemwambia aandike. Alipewa amri ya kutembea mpaka dirishani na kurudi. Alitembea vizuri sana. Mtihani wa kutembea mpaka dirishani angeupata bila nyongeza.

4. Kuhusu ombi lenyewe.

Baada ya hayo yote nimerudi kwenye maneno yako: mlete siku atakayougua. Nimeona ndiyo njia pekee iliyobaki, na ndiyo maana nimeandika.

Naomba Kamati iuandikie ugonjwa barua ya kuuita.

Siombi kwa dharau. Mimi mwenyewe sina mamlaka juu yake. Mara ya kwanza ulikuja bila miadi, wiki ya kupanda maharage, na haukuuliza mwenye nyumba ni nani. Lakini barua yenye muhuri wa Kamati naamini utaiheshimu. Ielezwe wazi kwamba unatakiwa kufika Kasese kabla ya mwezi wa kumi, kwa sababu mwezi huo mtihani unaanza, na cheti kinachotoka baada ya mtihani ni cha kufungia karanga. Uelezwe ukae shingoni, mahali pa kuonekana, usijifiche kifuani kama unavyopenda. Uelezwe pia kwamba hauhitaji kuja wote. Wajumbe wakishauona, wakauandika, uondoke siku hiyo hiyo jioni.

Hapo kwenye kuondoka ndipo nilipokwama. Nilimwuliza daktari kwa simu kama ugonjwa ukiamshwa kwa ajili ya kazi za ofisi anaweza kuulaza tena. Alidhani namtania. Alipoona siachi, akasema hana hakika. Mara ya pili ni mgumu zaidi, na dawa nyingine hazikubali mara mbili. Kwa hiyo naomba katika barua hiyo hiyo Kamati itaje ni mjumbe yupi atakayeurudisha usingizini. Iwe ni jina la mtu, na nyumba yake ijulikane. Nitakwenda kukaa mlangoni kwake mpaka ulale. Sylivia atakuja na chungu.

Nilimsomea Mama Esperance sehemu hii, nikijua ataicheka. Hakucheka. Alikunja kitenge alichokuwa ananionyesha, akasema: "Papa Loyi, bugonjwa ya kulala banaachaka ilale." Kisha akaondoka bila kuniuzia.

Lakini yeye ni mfanyabiashara, si Kamati. Mimi nafuata Kamati.

5. Kama hayo yote hayawezekani.

Kama barua ya kuuita haiwezi kuandikwa, labda kwa uhaba wa karatasi, basi naomba Kamati imtangaze Loyi kuwa pindo. Najua si neno la sheria. Lakini fundi yeyote atakueleza maana yake: ni kitambaa ambacho leo hakihitajiki kwa urefu wa mtoto, na bado hakuna mzazi mwenye akili anayekubali kikatwe. Nusu saa kwa kila karatasi. Kama hataihitaji atakaa tu, atawatazama wenzake wakitoka, na hakuna mtu atakayekuwa amepungukiwa nusu saa kwa sababu yeye alipewa.

Nimesikia pia kwamba Kamati inaogopa kuwa ikimkubali ambaye ugonjwa wake umelala, kesho watakuja waliowahi kuumwa wote, hata wa malaria, wilaya nzima itakuwa na ulemavu. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini Kamati iliyompa muda kijana wa macho mawili imeshavuka daraja hilo, tena ikiimba.

Nafunga hapa maana mafuta ya taa na mkono wa mwandishi vyote vina mwisho. Wasalimie wajumbe, hasa yule aliyeipenda sare. Mwambie suruali yake niliona imefumuka nyuma, ailete, sitamlipisha. Msalimie mama watoto, na mlinzi wa lango lenu aliyetupa kivuli. Mchungaji anakusalimu, anauliza kama ulifika salama kutoka kwenye ile shukrani. Sylivia angekusalimu, ila bado hajaanza kunena vizuri juu ya jambo hili.

Ni mimi, niliye tayari kutii punde nitakapowezeshwa,

Kezironi Thembo,
baba yake Loyi.

Nyongeza: Mheshimiwa, kabla bahasha haijafungwa imenibidi niseme mambo matatu ambayo yataiharibu barua.

La kwanza, mwandiko huu unaousifu si wangu. Mwandiko wangu ni wa kuku aliyetoroka kisu. Mwandishi niliyemtaja ni Loyi mwenyewe. Mimi nilikuwa nashona nikisema, yeye anaandika. Najua utamwonyesha mjumbe mwenzako, utasema: kumbe vidole vyake vinaandika kurasa zote hizi, na kwa mistari iliyonyooka hivi. Ni kweli, vimeandika. Ila alianza siku ya soko, na sasa soko jingine limeshafungwa na watu wamekwenda. Mahali wino unapofifia ndipo alipoacha akabana mkono kwapani. Ukihesabu utapaona.

La pili, amekataa ombi namba nne. Aliliandika lote bila kuinua kichwa, kisha akaweka kalamu, akasema: "Baba, futa hiyo ya kuuita. Usiuite hata kwa mzaha. Unaweza ukawa unasikia." Nikamwambia kwamba barua yote imesimama juu ya hilo, nikilitoa inaanguka. Akasema ianguke. Basi Mheshimiwa naliondoa. Nasikitika kwamba sitaweza kuutii uamuzi wa Kamati, maana mtoto mwenyewe hataki kuugua. Pale penye namba nne usome kana kwamba hapajaandikwa kitu.

La tatu ni lake. Anasema tumegombana watu wazima kuhusu aitwe nani, mgonjwa au mzima au mlemavu au pindo, na hakuna aliyemwuliza. Anasema yeye haombi kuitwa chochote, na hata kuja tena Kasese kutembea mpaka dirishani atakuja akiwa ameoga, anachoomba ni hiki tu, kwamba siku ile ya mtihani, wenzake wanapo

Kuanzia hapa mwandiko ni wangu, Kezironi, unisamehe. Vidole vyake vimekataa. Nimemwambia aniambie maneno yaliyobaki niyaandike mimi, akasema niyaache. Amelala sasa na mkono wake chini ya kwapa. Ningeweza kukisia mwisho wa sentensi yake, lakini nimeiacha ilivyo, ili Kamati ione karatasi yake itakavyokuwa pale msimamizi atakaposema kalamu chini.